Nani Aliandika? Swali la Utunzi wa Tamthilia, kutoka Stratford hadi Tororo

Nilipokuwa kidato cha tano mjini Tororo, niliandika tamthilia fupi ya Kiswahili iliyoigizwa mbele ya wazazi siku ya kufunga muhula. Juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika "Imetungwa na", kisha jina langu. Jina moja tu. Sikuliwazia jambo hilo kwa miaka mitatu, hadi muhula uliopita tulipobishana katika semina ya fasihi kuhusu mtu aliyekufa mwaka 1616.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Kenya. Kwetu si ajabu mtoto kuvuka mpaka akasome Uganda. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 iliacha masomo ya kidato cha tano na cha sita, na wazazi wengi wa mpakani waliendelea kuyafuata ng'ambo. Ndivyo nilivyofika Tororo, chini ya ule mwamba unaoonekana kutoka mbali kabla hujauona mji wenyewe.

Katika semina hiyo swali lilikuwa la zamani: je, William Shakespeare wa Stratford ndiye kweli aliyeandika tamthilia zinazobeba jina lake? Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba haiwezekani. Mtoto wa mshona glavu, ambaye hakusoma chuo kikuu, angezijua vipi siri za wafalme, sheria na miji ya Italia? Tulicheka, tukabishana, tukapiga meza. Mhadhiri wetu alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akauliza: "Na hizi zetu je? Mna hakika nani aliziandika?" Wengine walicheka tena. Mimi nilikumbuka daftari.

Katika insha hii ninadai kwamba shaka kuhusu utunzi ziko za aina mbili, na tusizichanganye. Kuna shaka inayomnyang'anya mtu kazi yake kwa sababu ya anakotoka. Na kuna uchunguzi unaorudisha majina yaliyoachwa nje ya jalada. Ya kwanza ina kelele nyingi na ushahidi mchache. Ya pili mara nyingi ina ushahidi uliolala wazi, ila hatuusomi.

Mtoto wa mshona glavu

Jambo la kwanza la kuangalia ni tarehe. Shakespeare alizaliwa mwaka 1564. Mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya tamthilia 36 katika kitabu kimoja kikubwa. Ben Jonson, mshairi na mtunzi aliyemfahamu, alimsifu humo kwa shairi. Hao ni watu waliofanya kazi naye jukwaani au waliomjua ana kwa ana, na hawakuonyesha shaka yoyote.

Shaka nzito zilikuja zaidi ya miaka 200 baadaye. Mwaka 1857 Mmarekani Delia Bacon alichapisha kitabu akidai kwamba nyuma ya tamthilia hizo kulikuwa na kundi la watu wakubwa, akiwemo mwanafalsafa Francis Bacon. Mwaka 1920 mwalimu Mwingereza, J. Thomas Looney, alimtaja Edward de Vere, Earl wa Oxford. Lakini de Vere alikufa mwaka 1604, na tamthilia kadhaa, Tufani ikiwa mojawapo, ni za baada ya hapo. Wengine humtaja Christopher Marlowe, aliyeuawa mwaka 1593.

Ukizisoma hoja hizi pamoja, unagundua kwamba nyingi zinaegemea jambo moja: maskini hawezi. Hakuna muswada uliopatikana wenye mwandiko wa de Vere, wala barua ya Francis Bacon ya kukiri. Kilichopo ni mshangao kwamba kijana wa mji mdogo aliweza. Nasi tuliosoma katika miji midogo ya mpakani tunaujua mshangao huo. Tunaukuta kila tunapoandika Kiswahili kizuri, mtu akatuuliza tumekinakili wapi.

Hata hivyo, kuitupa shaka hiyo si sawa na kusema kwamba Shakespeare aliandika kila neno peke yake. Tamthilia ya The Two Noble Kinsmen ilipochapishwa mwaka 1634 ilibeba majina mawili, la John Fletcher na lake. Mwaka 2016 wahariri wa toleo jipya la Oxford walimtaja Marlowe kuwa mtunzi mwenza wa sehemu tatu za Henry VI. Kisa cha Juliasi Kaizari kilitoka kwa Plutarch, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Wakati ule watu wa jukwaani walitunga kwa kushirikiana. Kwa hiyo swali lenye faida kwetu linauliza ni akina nani walioandika pamoja naye, na kwa nini hatuwataji.

Shakespeare alipofika kwetu

Sisi wa Kiswahili tunalo tawi letu la hadithi hii. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere alitoa Zanzibar kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na visa vya Shakespeare vilivyofupishwa, miongoni mwao kisa cha mfanyabiashara wa Venisi na cha Mfalme Lear. Steere hakufasiri tamthilia zenyewe. Alifasiri masimulizi yaliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza na Charles Lamb na dada yake Mary, yaliyochapishwa mwaka 1807.

Hapa kuna kisa cha kutufunza. Mary Lamb ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu hicho, masimulizi 14 kati ya 20, kisa cha Venisi kikiwemo. Lakini kilipotoka mara ya kwanza, jalada lilikuwa na jina la Charles peke yake. Basi msomaji wa Zanzibar aliyekishika kijitabu cha Steere alikuwa anasoma maneno ya mwanamke ambaye hakuwahi kumsikia, akidhani anasoma ya Shakespeare. Na Kiswahili cha kijitabu hicho je? Steere alikuwa mgeni Unguja, akijifunza lugha kwa Wazanzibari. Katika Swahili Tales, mkusanyiko wake wa ngano wa mwaka 1870, aliwataja baadhi ya waliomsimulia. Hata hivyo sisi leo tunasema tu "Steere".

Miaka mia moja baadaye akaja Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Tazama neno hilo la kwanza. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere amewafanya wengi, na tena si wafanyabiashara bali mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja ameigeuza tamthilia ya London kuwa hoja ya Dodoma na Kigoma. Sidhani kuna haki kusema neno hilo ni la Shakespeare. Mfasiri naye ni mtunzi kwa kiasi chake, na Kiswahili kilimtendea Nyerere haki kwa kuliweka jina lake mahali linapoonekana. Tofauti yake na wale Wazanzibari wa Steere ni kwamba alikuwa rais.

Kimathi, Kamirithu na jina moja

Sasa turudi Kenya. Mwezi Oktoba mwaka 1976, katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi, iliigizwa The Trial of Dedan Kimathi, ambayo miaka miwili baadaye wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Mzalendo Kimathi. Jalada lina majina mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Dibaji inazungumza kwa "sisi": wawili hao wanaeleza walivyokwenda Karunaini, alikozaliwa Kimathi, wakazungumza na watu waliomjua. Ushahidi uko wazi kuliko mchana.

Pamoja na hayo, darasani kwetu wengi tuliiita "tamthilia ya Ngũgĩ", na mimi nikiwa mmoja wao. Micere Mugo hakuwa msaidizi wa kupiga chapa. Alikuwa mshairi, mhakiki, na mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda uhamishoni mwaka 1982, akafundisha Zimbabwe na baadaye Marekani, akafariki mwaka 2023. Hakuna aliyetangaza kwamba hakuandika. Tumelifuta jina lake kwa uvivu wa ulimi tu, na hiyo ndiyo njia ya kumfuta mtu isiyoacha alama yoyote ya kupingwa.

Ngaahika Ndeenda ni kesi nzito zaidi. Wakazi wa Kamirithu, Limuru, walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, wakawapa kazi ya kuandaa mchezo watu wawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Rasimu ilipokuwa tayari mwaka 1977, ilisomwa mbele ya wakulima na wafanyakazi, nao wakaikosoa. Wazee walisahihisha Kikuyu cha wasomi. Vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza mishahara yao ilivyo hasa. Wanawake wakongwe walifundisha nyimbo za sherehe za ndoa ambazo vijana hawakuzijua. Jukwaa lenyewe walilijenga kwa mikono yao. Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali.

Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini. Ngũgĩ wa Mirii hakutiwa. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Serikali nayo, bila kukusudia, ilifanya kazi ya mhakiki. Kwa kumfunga mmoja, ililitia jina moja muhuri, na dunia nzima ikaukumbuka mchezo kwa jina la mfungwa. Ngũgĩ wa pili aliondoka Kenya mwaka 1982 akaendeleza michezo ya kijamii Zimbabwe, akafariki huko mwaka 2008. Hadi leo nimekutana na wasomaji wanaodhani majina hayo mawili ni ya mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa makosa ya mchapaji.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa mazito kuliko hayo. Mwaka 1977, katika tamasha la FESTAC huko Lagos, Kenya ilipeleka tamthilia ya Kimathi pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko ya Byron Kawadwa, kisa cha jogoo na ufalme wa kuku. Baada ya kurudi Kampala, Kawadwa alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Wanaotilia shaka Shakespeare wanatafuta mtunzi mwenye cheo. Amin hakuwa na shaka yoyote kuhusu nani aliandika. Wakati mwingine jina kwenye tamthilia linakuwa deni la damu, na hilo linapaswa kutufanya tuwe waangalifu tunapolitoa na tunapolificha.

Daftari la Tororo

Sasa niseme la kwangu. Tamthilia niliyoandika kidato cha tano ilihusu magendo ya enzi ya Amin. Historia yake inajulikana kwetu nyumbani. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972 maduka yalibaki matupu. Chumvi, sukari na sabuni zilivuka kutoka Kenya kwa njia za vichochoroni. Kisha baridi kali ikaharibu mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda, na magunia ya kahawa ya Uganda yakaanza kuvuka usiku kuelekea Kenya. Wanaume ndio wanaotajwa sana katika biashara hiyo ya kahawa. Wanawake walibeba chumvi.

Mmoja wao alikuwa nyanya wa rafiki yangu, Mjapadhola wa Tororo tuliyelala naye bweni moja. Rafiki yangu alinisimulia kisa usiku baada ya kuzimwa taa, nusu Kiingereza, nusu Kidhopadhola, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Nyanya yake alikuwa akirudi kutoka Busia amebeba mgongoni mtoto aliyefunikwa kanga. Hakuwa mtoto, ilikuwa chumvi na sabuni. Kizuizini askari akauliza mbona mtoto halii. Nyanya akajibu: "Amezaliwa wakati huu, afande. Ameshajua kunyamaza."

Nililiweka jibu hilo katika onyesho la tatu. Siku ya kuigiza, vijana walicheka. Wazee waliokaa mbele hawakucheka. Ukumbi ulitulia kiasi cha kusikia lori barabarani. Nilipoomba nafasi ya kusoma Kiswahili, niliambatisha tamthilia hiyo, na mhadhiri mmoja aliniambia kwamba mtu anayeweza kuandika jibu la aina ile ana mustakabali katika uandishi. Nilimshukuru.

Baada ya semina ile nilijitetea moyoni kwa hoja tunayoipenda sisi wanafunzi wa fasihi simulizi: masimulizi ni mali ya jamii, hayana mwenyewe. Nilikuwa na mfano wa nyumbani. Neno "bodaboda" lilizaliwa katika mpaka wetu huu, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakibeba abiria kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine. Leo linatumika hadi mbali sana na Busia, na hakuna anayejua nani alilitamka kwanza. Basi na kisa cha chumvi kiwe hivyohivyo.

Lakini hoja hiyo ina kasoro, na niliiona nilipoigeuza. Neno bodaboda halina jina la mtu yeyote. Daftari langu lilikuwa na jina, nalo lilikuwa langu. Kusema "hii ni mali ya jamii" ni rahisi sana kwa yule ambaye jina lake limeshakaa kwenye jalada.

Likizo ya Aprili nilipanda gari Busia nikaenda Tororo. Nilimweleza rafiki yangu kila kitu, hata maneno ya mhadhiri. Alicheka. "Mimi nilisimulia tu," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika. Na kama ni mwenyewe, basi mwenyewe ni nyanya." Tukaenda kwa nyanya, tukamkuta akipepeta mtama uani. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamsomea onyesho lile polepole, mjukuu wake akimfasiria. Nilipofika kwenye jibu lake kwa askari, alisimamisha ungo.

"Mimi sikusema hivyo," alisema.

Nilimuuliza alisema nini.

"Sikusema kitu, mjukuu wangu. Ningesema nini mbele ya bunduki? Nilitoa mche mmoja wa sabuni nikampa, akanipitisha."

Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa anaangalia chini. Jibu lile, lile lililonyamazisha ukumbi na kunipatia sifa chuoni, alilibuni yeye mwenyewe gizani bwenini, akiwa na miaka 17, kwa sababu aliona kisa kinahitaji neno mahali pale. Hakuwa msimulizi tu. Alikuwa mtunzi, na hata yeye mwenyewe hakujua kwamba jambo lile lina jina hilo.

Hitimisho

Ningebaki maktaba nisingelijua hilo. Ningeandika kwa ujasiri kwamba maneno yale ni ya nyanya, ningeonekana mwadilifu, na bado ningekuwa nimemdhulumu mtu yuleyule mara ya pili. Hilo ndilo somo ninalowaletea wenzangu. Swali la nani aliandika halijibiwi kwa kukisia nani anafanana na mwandishi. Linajibiwa kwa kusoma jalada lote, dibaji, tarehe na majina ya pili, na pale watu walipo hai, kwa kwenda kuwauliza.

Tukifanya hivyo, mtoto wa mshona glavu atabaki na tamthilia zake, akiwa na wenzake kando yake. Micere Mugo atatajwa kila Kimathi anapotajwa jukwaani. Ngũgĩ wa Mirii atakuwa mtu kamili, na watu wa Kamirithu watakumbukwa kwa zaidi ya kujenga jukwaa.

Kuhusu daftari, nimeiandikia idara yetu barua kuomba nakala ya tamthilia iliyo katika faili langu irekebishwe. Sasa ina majina mawili, na jina la rafiki yangu linatangulia. Chini yake tumeongeza mstari unaomshukuru nyanya kwa kisa na kwa sabuni. Nilipompelekea rafiki yangu nakala mpya, alinijibu kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko kile cha bwenini: alikuwa amegundua kosa la sarufi katika onyesho la pili, akataka kujua ni la nani kati yetu.

Ni langu.